Mchungaji akeshe juu ya nini?

Ijumaa usiku mjini Tanga, kuanzia Makorora hadi Mikanjuni na Nguvumali, makanisa mengi huwa na mkesha. Kwaya zinapokezana, maombi yanakwenda mpaka alfajiri, na andiko linalorudiwa kuliko yote ni lile la Gethsemane: "Kesheni, mwombe, msije mkaingia majaribuni." Ni jambo jema na lina matunda yake. Lakini ukimuuliza muumini wa kawaida mchungaji wake anakesha juu ya nini hasa, jibu litakalokuja upesi ni nguvu za giza: wachawi, majini, maagano ya ukoo. Kwa mji uliopewa sifa za uganga kama Tanga, anayejibu hivyo hakosi visa vya kukusimulia.

Sibishi kwamba vita vya kiroho vipo. Petro mwenyewe anasema Ibilisi huzunguka-zunguka kama simba angurumaye. Ninachosema ni kwamba Maandiko yanapomtaka kiongozi wa kanisa akeshe, yanataja mambo yanayojulikana kwa majina yake, na mengi yao hutokea mchana kweupe: fedha, mafundisho, sifa, uchovu, ukaribu na mtu asiye mwenzi wake. Na cha kwanza anachoagizwa kukitazama ni nafsi yake. Tumewazoeza wachungaji wetu kulitazama giza lililo nje ya kanisa, huku hatari nyingi zinazowaangusha wao na makundi yao zikiwa zimekaa ndani, kwenye mwanga, zimevaa suti.

Maagizo ya Mileto

Msingi wa jambo hili ni sura ya 20 ya Matendo ya Mitume. Paulo yuko safarini kuelekea Yerusalemu na ana haraka, anataka awahi Pentekoste. Meli inafika Mileto, kusini ya Efeso. Badala ya kwenda Efeso, ambako angechelewa, anatuma watu wawaite wazee wa kanisa waje wamkute hapo. Amekaa nao miaka mitatu na anawaambia waziwazi kwamba hawatamwona uso tena. Yote anayoyasema pale ni wosia.

Katika wosia huo kuna sentensi moja iliyobeba mzigo wote: "Jitunzeni nafsi zenu, na lile kundi lote nalo, ambalo Roho Mtakatifu amewaweka ninyi kuwa waangalizi ndani yake, mpate kulilisha kanisa lake Mungu, alilolinunua kwa damu yake mwenyewe."

Tazama mpangilio wake. Zinatangulia nafsi za wazee, ndipo kundi. Halafu ni kundi lote, si wale wenye magari wala wanaokaa viti vya mbele peke yao. Halafu wazee wamo ndani ya kundi, hawakuwekwa juu yake kwa mbali. Na mwisho kundi si lao, lina mwenyewe aliyelinunua kwa bei isiyolipika tena. Mchungaji anayesema "kanisa langu" kila dakika mbili angefaa aisome sentensi hii polepole.

Kisha Paulo anataja hatari yenyewe, nayo ina njia mbili. Baada ya kuondoka kwake, mbwa-mwitu wakali wataingia. Hiyo ndiyo sehemu inayohubiriwa sana. Mstari unaofuata huwa tunaupita kwa mwendo wa haraka: hata katika wao wenyewe watainuka watu wakisema mapotovu, wawavute wanafunzi wawaandamie wao. Katika wao wenyewe, maana yake katika wale wazee waliokuwa wamekaa pale wakimsikiliza. Wahenga walishasema kikulacho ki nguoni mwako, na Paulo hakuogopa kuwaambia hivyo watu ambao muda mfupi baadaye wangemwangukia shingoni wakilia.

Alama ya mbwa-mwitu wa ndani nayo imetajwa hapo hapo, na haihitaji mtu awe na karama ya maono ili aione: anawavuta watu wamfuate yeye. Mahubiri yakizidi kuwa juu ya safari zake, ndoto zake, gari lake na maadui zake, na Kristo akitajwa mwanzoni na mwishoni tu, zamu ya mlinzi imefika.

Hapa niseme neno la pembeni kwa sababu ya mji tunaoishi. Majirani zetu wengi Tanga ni Waislamu. Katika nyumba nyingi za Ngamiani ndugu wa damu wamegawanyika, huyu msikitini, yule kanisani, na msiba ukitokea wanakaa jamvi moja. Ole wake mchungaji anayelitumia andiko la mbwa-mwitu kuwafundisha washirika wake kumtilia shaka jirani. Mbwa-mwitu wa Matendo 20 ni walimu waliomo kanisani. Andiko hilo halina neno hata moja juu ya jirani wa imani nyingine.

Kuitazama nafsi yako

Watu wengi huona haya kulisema hili la nafsi kwanza, wakidhani ni ubinafsi. Lakini anguko la mchungaji halibaki kwake. Linabomoa ndoa za watu aliowafungisha, linawapa vijana sababu ya kuondoka, linamwacha mjane aliyetoa sadaka yake ya mwisho akijiuliza alimpa nani. Paulo anamwandikia Timotheo ajitunze nafsi yake na mafundisho yake, kwa kuwa kwa kufanya hivyo atajiokoa yeye na wale wamsikiao. Viwili hivyo vinakwenda pamoja. Mafundisho safi kinywani mwa mtu asiyejitazama huishia kuwa kifuniko.

Kisa cha Daudi kinaonyesha jinsi usingizi unavyoingia. Sura ya 11 ya Samweli wa Pili inaanza kwa kusema ulikuwa wakati wafalme watokapo kwenda vitani, naye Daudi akakaa Yerusalemu. Dhambi ya Bath-sheba ilitanguliwa na jambo dogo sana: mtu hakuwa mahali pake pa kazi, jioni akaamka kitandani, akawa anatembea darini. Baada ya hapo kila hatua ilikuwa fupi. Aliona, akauliza, akatuma watu, na hakukuwa na mtu karibu wa kumwambia, "Mfalme, hapana."

Kwa mchungaji wa leo hatua fupi hizo tunazijua. Ni kumtembelea mshirika wa jinsia nyingine nyumbani akiwa peke yake, mara ya kwanza kwa sababu kulikuwa na shida ya kweli. Ni ujumbe wa simu saa tano usiku unaoanza na "umeshalala mtumishi" na kuendelea kwa majibu marefu kuliko shida yenyewe. Wachungaji wazoefu wana desturi ambazo vijana wakati mwingine huziona za kizamani: kwenda na mama mchungaji au mzee wa kanisa, kufanyia ushauri ofisini mlango ukiwa wazi na watu wakiwa uani, kumwonyesha mwenzi wake ujumbe anaopokea. Desturi hizo zinamlinda pia yule anayekuja kutafuta msaada, ambaye mara nyingi yuko katika hali dhaifu kuliko mchungaji mwenyewe.

Sifa ni hatari ngumu zaidi kuiona. Mchungaji akipokelewa kwa vigelegele kila aingiapo, akibebewa Biblia na chupa ya maji, akiitwa baba na watu waliomzidi umri, baada ya miaka michache masikio yake huanza kukataa sauti nyingine yoyote. Ndipo linapoingia lile neno linalotumika kufunga midomo ya watu: usimguse mpakwa mafuta wa Bwana.

Neno hilo limetoka Zaburi ya 105: "Msiwaguse masihi wangu," yaani wapakwa mafuta wangu, "wala msiwadhuru nabii zangu." Isome zaburi yenyewe. Inasimulia habari za kina Abrahamu walipokuwa wachache na wageni, wakitangatanga taifa hata taifa, na Mungu akawakemea wafalme kwa ajili yao. Ni kinga ya wanyonge dhidi ya wenye nguvu wanaotaka kuwadhuru. Haizungumzii habari ya mzee wa kanisa anayeuliza risiti ya mabati. Kingine kinachotajwa ni Daudi kukataa kumwua Sauli. Kweli alikataa, akasema hawezi kuunyosha mkono wake juu ya masihi wa Bwana. Lakini sura hiyo hiyo ya 24 ya Samweli wa Kwanza inasema alitoka pangoni, akamwita Sauli kwa sauti mbele ya jeshi lake, akamwonyesha kipande cha vazi, akamweleza makosa yake moja baada ya jingine. Hakumdhuru, na wala hakumnyamazia.

Meza ya kuhesabia sadaka

Kama ningetakiwa kupima kukesha kwa kanisa kwa kitu kimoja, ningekwenda ofisini baada ya ibada.

Chukua Jumapili ya kawaida kwenye usharika wa mtaani. Mnada wa mavuno umemalizika nje: nazi, mkungu wa ndizi, na jogoo mmoja ambaye kila anayemnunua anamrudisha auzwe tena. Vikapu vya sadaka vimeingizwa ndani. Noti zinatenganishwa, za elfu kumi huku, za elfu tano huku, za elfu mbili na za elfu moja zimejikunja, zinanyooshwa kwa kiganja. Sarafu za mia mbili na mia tano zinapangwa kumi kumi. Mzee wa kwanza anahesabu na kuandika kwenye kikaratasi, anakikunja. Mzee wa pili anahesabu upya bila kuonyeshwa. Vikaratasi vinafunuliwa, vikikubaliana mtunza hazina anaingiza kitabuni, wote watatu wanatia saini, sanduku linafungwa. Mchungaji yuko nje anasalimiana na watu. Jumapili inayofuata mapato yanasomwa mbele ya kanisa lote, mpaka senti ya mwisho.

Utaratibu huo una mizizi ya kitume. Paulo alipochangisha fedha kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu, hakuzibeba peke yake kwa kuwa yeye ni mtume. Katika sura ya 8 ya Wakorintho wa Pili anaeleza kwamba amemtuma Tito pamoja na ndugu wengine wawili, mmoja wao akiwa amechaguliwa na makanisa, ili pasiwe na mtu wa kuwalaumu. Anasema anaangalia yaliyo mema mbele za Bwana na mbele ya wanadamu pia. Hilo la wanadamu lina uzito. Mchungaji anayesema "Mungu anajua moyo wangu" amejibu nusu tu.

Siku hizi sehemu kubwa ya sadaka haipiti kwenye kikapu, inapita kwenye simu. Hapo wazee wetu wamelala. Kama namba ya kutolea sadaka imesajiliwa kwa jina la kanisa, na taarifa zake zinaonwa na watu wawili au watatu, meza ile ya kuhesabia imehamia kwenye simu na kazi inaendelea. Kama namba inayotangazwa madhabahuni ni ya mchungaji mwenyewe, hakuna mzee atakayehesabu mara ya pili. Huenda mchungaji huyo ni mwaminifu kabisa. Lakini amejiweka mahali ambapo siku akitikiswa hakuna kitakachomzuia, na siku akisingiziwa hakuna kitakachomtetea.

Kulijua kundi

Paulo aliwaambia wazee wa Efeso kwamba miaka mitatu, usiku na mchana, hakuacha kumwonya kila mtu kwa machozi. Kila mtu, si umati. Kukesha juu ya watu ni kuwajua kiasi cha kutambua mabadiliko.

Kwa Tanga hilo lina sura yake. Mchungaji mwenye washirika wavuvi wa dagaa anajua kwamba wakati wa giza, mwezi usipokuwepo, vijana wale wako baharini usiku kucha na taa zao, na Jumapili asubuhi wanalala. Mwezi ukiwa mpevu wanarudi nyumbani. Asiyejua hilo atawahubiria juu ya uvivu wa kiroho. Anayejua atashtuka mwezi ukiwa mpevu na kijana bado haonekani, kwa sababu safari hii si bahari iliyomzuia. Ni vivyo hivyo kwa anayeingia zamu kiwanda cha saruji Pongwe, au mama anayekwenda Muheza kununua machungwa msimu ukifika. Orodha ya mahudhurio bila kuyajua maisha ya watu huzaa lawama zisizo na haki.

Mambo ya kutazamwa ni ya kawaida. Mama aliyekuwa akitoa sadaka kila wiki na sasa anaondoka kabla ya wimbo wa sadaka, huenda amenaswa na mikopo ya riba kubwa, ile ya kausha damu. Mzee wa kwaya aliyeanza kukaa karibu na mlango. Binti aliyekataa ghafla kwenda mafundisho ya kipaimara, ambaye kila akitajiwa jina la mwalimu fulani anainamisha kichwa.

Hili la mwisho halipaswi kusubiri kikao. Jambo la mtoto likigusa mwalimu wa Jumapili, mwinjilisti au mchungaji, kishawishi cha kwanza huwa ni kulimaliza kimya kimya ili jina la kanisa lisichafuke. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa za haki ya mtoto kuvunjwa azifikishe kwenye mamlaka ya serikali ya mtaa. Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto, na namba 116 ya kupiga bure ipo kwa ajili hiyo. Mzee wa kanisa anayempeleka mtoto huko hajalisaliti kanisa. Ezekieli 33 inasema mlinzi akiuona upanga unakuja asipige tarumbeta, damu ya atakayeuawa itatakwa mkononi mwake. Haisemi apige tarumbeta pale tu jina la mji litakapobaki safi.

Hata milango ya jengo imo katika kukesha. Februari 1, 2020, watu 20 walikufa Moshi, katika uwanja wa Majengo, wakikanyagana kwenye ibada walipokimbilia kukanyaga mafuta yaliyoombewa. Anayewakusanya watu elfu kadhaa kwa jina la Bwana ana wajibu wa kuuliza watatokea wapi.

Shakahola haiko mbali

Aprili 2023, polisi wa Kenya walianza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi. Kilifi ni pwani hii hii yetu, ukivuka mpaka wa Horohoro ukapita Mombasa. Miili zaidi ya 400 ilipatikana, watoto wakiwa wengi. Walikuwa wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie, waliofundishwa kufunga mpaka kufa ili wakutane na Yesu.

Kinachofaa kuchunguzwa na kila mchungaji ni miaka iliyotangulia. Kanisa lake lilikuwa Malindi tangu 2003. Mafundisho ya kwamba shule ni ya shetani na hospitali ni dhambi hayakunong'onwa gizani, yalihubiriwa hadharani kwa Kiswahili fasaha na kurushwa kwenye televisheni na intaneti. Alipolifunga kanisa mwaka 2019 akahamia msituni, waliomfuata walikuwa wameshakatwa kamba zote: shule, daktari, kazi, ndugu.

Ndipo unapoona kwa nini kukesha juu ya mafundisho si ugomvi wa wasomi wa theolojia. Fundisho huanza kwa kumwondolea mtu msaada mmoja, halafu mwingine, mpaka anabaki na sauti moja tu masikioni. Mchungaji wa Tanga hana haja ya kumtafuta Mackenzie mwingine. Anahitaji kusikia pale mshirika wake anaposema ameambiwa na nabii wa mtandaoni aache dawa za presha, na kuamka siku hiyo hiyo kwenda kwake. Aende kwa upole, akae, amsikilize hofu yake yote, kisha amrudishe kliniki. Watu wa Beroya walisifiwa kwa sababu walimsikiliza hata Paulo huku wakiyachunguza Maandiko kila siku waone kama ndivyo yalivyo. Kundi lililofundishwa kuchunguza lina macho mengi, na mchungaji asiogope macho hayo yakimgeukia yeye.

Efeso walivyokesha hadi wakapoa

Kuna upande wa pili wa jambo hili, na bila huo makala hii ingeweza kumpa silaha mtu asiyefaa.

Wazee wa Efeso walilishika agizo la Mileto. Nyaraka za Timotheo zinaonyesha walimu wapotovu walitokea kweli pale Efeso, hata Timotheo akaachwa huko awakataze. Halafu katika sura ya 2 ya Ufunuo, Bwana mwenyewe anaipa Efeso sifa: umewajaribu wale wajiitao mitume, nao sio, ukawaona kuwa waongo. Zamu ilishikwa, mbwa-mwitu walitambuliwa. Kisha linakuja neno la pili: "Lakini nina neno juu yako, ya kwamba umeuacha upendo wako wa kwanza."

Kumbe kanisa linaweza kukesha vizuri juu ya uongo na wakati huo huo likaacha kupenda. Tunawajua viongozi wa namna hiyo. Wana watu wa kuwaletea habari, wanajua nani alionekana wapi, wanasoma majina madhabahuni, wanakagua simu za vijana wa kwaya. Wanaita hayo uangalizi. Huo ni upelelezi, na watu wakipelelezwa hujifunza kuficha. Mwenye shida ya pombe hatamwendea mchungaji, akijua kwamba kesho yeye atakuwa mfano wa mahubiri. Basi mchungaji huyo, pamoja na wapelelezi wake wote, anabaki kipofu.

Yale machozi ya Paulo ndiyo yanayotenganisha mambo haya mawili. Anayeonya kwa machozi anaumia kabla ya anayeonywa. Wagalatia 6 inataka aliyeghafilika arejezwe kwa roho ya upole, na hapo hapo inamgeukia mrejezaji: ukijiangalia nafsi yako usije ukajaribiwa wewe mwenyewe.

Nani anamtazama mchungaji

Waebrania 13 inasema viongozi wanakesha kwa ajili ya roho zetu "kama watu watakaotoa hesabu". Kwa Mungu, ndiyo. Lakini Agano Jipya linawapa hesabu ya hapa duniani pia. Paulo alimkemea Petro ana kwa ana kule Antiokia. Timotheo anaambiwa asipokee mashitaka juu ya mzee pasipo mashahidi wawili au watatu, na sentensi inayofuata inasema wadumuo katika dhambi wakemewe mbele ya wote. Zote mbili zinahitajika: kinga dhidi ya umbea, na mwisho wa kulindana.

Makanisa ya zamani mkoani hapa yana vyombo. Kanuni za Kanisa Katoliki zinamtaka askofu alizuru jimbo lake lote angalau mara moja kila miaka mitano. Walutheri na Waanglikana wana mabaraza, sinodi na wakaguzi wa hesabu. Jumuiya ndogo ndogo, ambazo maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele miaka ya 1970 na ambazo Walutheri pia wanazo, zinakutana nyumba kwa nyumba, na huko ndiko mambo huonekana kwanza. Vyombo hivyo navyo huweza kulala. Baraza linalokutana kupitisha tu alichokwisha kuamua mchungaji ni baraza kwa jina.

Lakini mfano ninaoupenda zaidi hauna katiba. Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioanzia Gahini nchini Rwanda miaka ya 1930 na kuingia Uganda, Kenya na Tanganyika, uliwakusanya watu katika vikundi vya ushirika ambamo kila mmoja alikiri dhambi zake mbele ya wenzake. Waliita kutembea nuruni. Mkulima aliweza kumwambia kasisi, "Ndugu, neno lako jana kwa mkeo halikuwa la nuru," na kasisi akaketi chini akatubu. Uamsho huo ulikuwa na udhaifu wake, wakati mwingine ukawa mkali kwa wasiokiri kwa namna yake. Hata hivyo uliwapa watumishi kitu ambacho wengi leo hawana: watu watatu au wanne wanaojua hali halisi ya moyo wao na wasiotishwa na cheo chao.

Makanisa mapya, yale yanayoanzia sebuleni na kukua haraka, ndiyo yenye uhitaji mkubwa hapa, kwa sababu mara nyingi mwanzilishi ndiye mwenyekiti, mke wake ndiye mtunza hazina, na mdogo wake ndiye katibu. Wanaweza kuwa watu wa Mungu kweli. Wafanye jambo moja mapema, kabla fedha hazijawa nyingi: watafute wachungaji wawili wa makanisa mengine, wakubwa kwa umri, wawape ruhusa ya kuuliza swali lolote na kuona kitabu chochote. Ruhusa hiyo hutolewa kwa urahisi kanisa likiwa na watu ishirini.

Mlinzi naye alale

Jambo la mwisho linasahaulika na wale wanaojitoa kuliko wengine. Mchungaji aliyekesha Ijumaa, akazika Jumamosi, akahubiri ibada mbili Jumapili na kupatanisha ndoa jioni yake, Jumatatu hana macho. Hasira zake ziko karibu, sala imekuwa kazi, na majaribu ambayo mwezi uliopita angeyacheka sasa yanaonekana kama faraja anayostahili.

Eliya alipotamani kufa chini ya mretemu, malaika hakuanza na mahubiri. Alimwacha alale, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena. Yesu aliwaambia mitume waje faraghani wapumzike kidogo, kwa kuwa watu walikuwa wengi hata hawakupata nafasi ya kula. Na Zaburi ya 127, inayosema Bwana asipoulinda mji aulindaye akesha bure, inaendelea kusema kwamba Mungu humpa mpenzi wake usingizi.

Kwa hiyo wazee wa kanisa wanaompenda mchungaji wao wakae naye mwanzoni mwa mwaka na kalenda mezani. Waandike siku yake ya mapumziko kila wiki, waitangaze kanisani ili simu zipungue. Waandike likizo yake, waone kama ana nauli ya kumpeleka yeye na familia yake kwao. Mikesha ya Ijumaa wagawane na wainjilisti na wazee wenyewe, yeye ahudhurie mmoja kwa mwezi, na katika kila wiki atakayokuwa hayupo liandikwe jina la atakayeshika zamu na namba yake ya simu.